Kwa Nini Kasuku Huturudishia Maneno Yetu

Zamani, msitu ulipokuwa unaanzia mlangoni, kasuku hakuwa mwigaji wa mtu. Alikuwa na sauti yake, na wazee wetu waliielewa. Chikichi zilipoiva mbali, yeye ndiye aliyekuja kutuambia zilipo, nasi tukaenda na vikapu. Alichodai kilikuwa kidogo: kila aliyekwea mchikichi aliacha mkungu mmoja kileleni kwa ajili ya ndege. Mtu akikata na huo, hakuna aliyekula naye.

Kisha akatokea Lukundula. Naona haya kusema alikuwa wa ukoo wetu, lakini alikuwa wa ukoo wetu. Alimwokota kinda wa kasuku chini ya mti, jike, akamlisha kwa mkono mpaka akakua. Ndipo wakapita wageni wakitaka ndege wa kufuga huko kwao, wakaonyesha vitambaa vya rangi. Lukundula hakuwa uchi. Alikuwa na tamaa tu.

Akakwea mchikichi, akaupaka ule mkungu wa ndege ulimbo, utomvu unaonata usiobanduka. Kando yake akamfunga yule kasuku mguu.

“Waite ndugu zako,” akamwambia. “Waambie chakula kipo.”

Naye akawaita, maana aliyemtuma ndiye aliyemlea. Kundi zima likashuka. Mabawa yakanasa, manyoya yakang'oka, makinda wakabaki kwenye matundu ya miti bila wa kuwalisha. Lukundula akawashindilia vikapuni, na wengi wakafa kabla wageni hawajawabeba. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda angeona aibu.

Feza, mke wa Lukundula, ndiye aliyemfungua yule jike. “Nenda, mwanangu,” akasema.

“Nimewaua ndugu zangu kwa sauti yangu,” kasuku akajibu. “Mwanadamu hataisikia tena.” Akaruka kwenda ndani kabisa ya msitu, akawaapisha waliosalia.

Na tangu siku hiyo, kasuku akikaa na watu hutoa maneno yetu tu. Ukimkaribisha, atakukaribisha. Ukimtukana, utatukanwa. Nanyi mnaona ni akili, mnawaita majirani waje kusikia, huku ulimbo bado mnapaka na miti yenye matundu yao bado mnaangusha. Inaniuma. Mnadhani ndege huyo anazungumza nanyi, kumbe amewanyamazia.