Macho Mekundu ya Bibi Nyanzobe

Ndugu zangu, palikuwa na fundi picha mmoja aliyezunguka vijijini na kamera yake ya kidijitali. Siku moja aliitwa na mama kijana aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mama yule akamwambia, "Mpige picha mama mkwe akiwa amempakata mjukuu, nimtumie baba mtoto huko mgodini."

Bibi huyo tumwite Nyanzobe. Alikuwa ameketi chumbani kwenye kigoda, na chumba kilikuwa na giza, maana dirisha lilizibwa kwa gunia mtoto asipigwe na upepo. Fundi alikuwa na haraka. Akawasha flashi, akamsogelea, akasema, "Bibi, angalia hapa hapa." Mwanga ukamulika mara moja, naye akaaga.

Picha ilipoletwa, mtoto amelala vizuri kabisa. Lakini macho ya bibi yalikuwa mekundu kama makaa.

Nanyi mnajua watu husema nini juu ya ajuza mwenye macho mekundu: kwamba ni mchawi. Jirani aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akamrudishia yule mama kijana, mkwe wa bibi. "Mwanangu, mwangalie sana mtoto wako," akasema. Basi. Tangu siku hiyo bibi akinyoosha mikono, anaambiwa mtoto ana usingizi. Akinyoosha tena, mtoto ananyonya. Bibi alirudisha mikono yake mapajani.

Habari zilimfikia fundi mnadani, kwa mtu aliyezisimulia huku anacheka. Yeye hakucheka. Alijua kosa liko wapi, na alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayemlaumu. Akienda kusema, kijiji kizima kitajua kwamba kazi yake aliilipua. Ungekuwa wewe, ungekwenda?

Alikwenda. Akawakuta mkwe na jirani uani, wanapepeta mpunga.

"Mama, dada, naomba niwapige picha mle chumbani," akasema. "Sitaki malipo."

Wakaketi ukingoni mwa kitanda, dirisha limezibwa vilevile. Flashi ikawaka. Akawaonyesha kwenye kioo cha kamera: wanawake wawili, macho manne, yote mekundu.

Mkwe aliishika kamera kwa mikono miwili. "Hawa ni sisi?"

"Ni ninyi. Mtu akikaa gizani, mboni zake hufunguka sana. Flashi ikimmulika ghafla usoni, mwanga unaingia mpaka nyuma ya jicho, kwenye damu, halafu unarudi na wekundu ule kwenye kamera. Bibi hana lolote. Mwanga ulikuwa wangu. Nisameheni, nilifanya haraka."

Jirani aliinuka, akalitoa gunia dirishani.

Bibi akaitwa. Safari hii fundi aliiweka kamera imulike kidogo kwanza, mboni zijikunje, ndipo ipige. Akamwomba bibi asiikodolee kamera macho, amwangalie mkwe wake. Naye mkwe ndiye aliyemletea mtoto. "Mama, mshike," akasema. "Leo hana usingizi."

Katika picha ile macho ya bibi ni meusi, yana machozi kidogo, na yanacheka. Mpaka leo imetundikwa sebuleni kwao.

Sasa sisi. Mwenzetu yuko katika giza lake, pengine la msiba, pengine la ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Tunamwingilia bila hodi, tunammulika usoni kwa maneno makali. Akishtuka, akifoka, tunageuka kuambiana, "Mmemwona? Ndivyo alivyo." Ndivyo alivyo, au ndivyo tulivyompiga picha? Ukweli ni mwanga, sikatai. Lakini hata mwanga una namna ya kumfikia mtu. Fungua dirisha kwanza. Mpe nafasi macho yake yazoee.

Nasema sisi kwa sababu na mimi nimo. Mnamkumbuka ndugu niliyemkemea hapa mbele yenu, mwezi wa mavuno. Alinijibu vibaya akatoka, na kwa miezi yote hii nimewaambia kwamba ana moyo mgumu. Juzi ndipo nilipojua kwamba asubuhi ile alikuwa ametoka hospitali kumlaza mkewe.

Mkewe amepona, tumshukuru Mungu. Mimi nakwenda kwake leo, nikitoka hapa, kabla sijala. Ninyi mnakwenda kwa nani?