Kiti Kilichokwenda Kombo

Wahenga hawakuona haya waliponena kwamba mficha uchi hazai. Walimaanisha kuwa anayeificha shida yake kwa kuogopa aibu hupitwa na msaada, hata kama msaada wenyewe umekaa ubavuni pake. Methali hii tunaijua sote. Kuifuata ndiyo kazi.

Katika kiwanda kimoja cha viti vya magurudumu palikuwa na mbunifu ambaye wenzake walimpachika jina la Pazia, kwa kuwa kila alichokibuni alikifunika shuka mpaka kikamilike. Wakati huo alikuwa akibuni kiti chembamba, cha kupita kwenye mlango wa choo cha nyumba ya kawaida. Mama yake alikuwa amepooza miguu, na kila siku alibebwa mlangoni hapo kama gunia. Jambo hilo lilimkata Pazia maini. Bosi alikuwa ameahidi kukitazama kiti siku ya Ijumaa, na kikishindwa, mradi ungefutwa.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Kikiwa kitupu kilikwenda sawasawa, lakini akikaa mtu kilivuta kushoto. Pazia alipima magurudumu, akapima vyuma, akarudia kupima hadi kichwa kikamzunguka. Vipimo sawa, kiti si sawa! Alishinda akikikodolea macho kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha asiyoijua.

Si kwamba pa kusemea hapakuwapo. Bosi alikuwa ameubomoa ukuta kati ya chumba cha wabunifu na karakana, akaweka meza ndefu aliyoiita Meza ya Vibovu. Kila Jumatatu kila mmoja alitakiwa kuweka hapo kitu kilichomshinda, ili wenzake wamsaidie. Loo, watu ni hodari! Walileta vibovu walivyokwisha kuvitengeneza. Fundi wa rangi alileta rangi iliyobambuka, na dawa yake anayo mfukoni. Fundi cherehani, bingwa wa vikalio, yaani vitambaa vya kukalia, alileta uzi uliokatika, na wiki iliyofuata akauleta uleule. Pazia naye alileta breki aliyoirekebisha zamani. Wakashauriana kwa nyuso kavu, wakapongezana, kisha kila mtu akarudi kwenye shida yake ya kweli.

"Dada, chini ya shuka kwema?" fundi cherehani aliuliza.

"Kwema tu, kaka. Na vikalio?"

"Safi kabisa."

Ijumaa ilipowadia, mama aliletwa kiwandani ili akijaribu kiti. Pazia alimwinamia sikioni. "Mama, kikivuta kushoto, wewe lishike gurudumu la kulia, utabasamu."

"Nimdanganye nani, mwanangu?" mama alisema. "Huyo bosi wako ataenda chooni kwa miguu yake. Wa kukaa humu ni mimi."

Bosi alipoingia, mama alilivuta shuka mwenyewe. "Jamani, kiti cha binti yangu kinakwenda kombo, na yeye hajui kwa nini. Kuna anayejua?"

Pazia alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama aliwekwa kitini, akasukuma magurudumu, na kiti kikaenda kuigonga Meza ya Vibovu. Hapo kila mtu akawa mwalimu: huyu alisema magurudumu, yule alisema sakafu. Fundi wa kuchomelea alipiga magoti, akatazama kwa chini.

"Vyuma vimenyooka," alisema. "Ila mama akikaa, upande wa kushoto unazama. Mbona?"

"Unazama?" Pazia aliduwaa. Vipimo vyake vyote alikuwa amevichukua kiti kikiwa kitupu.

Fundi cherehani alikohoa. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Ni kikalio," alisema. "Kitambaa kilicholetwa safari hii ni chembamba, upana hautoshi. Nikaunga vipande viwili, na cha kushoto kinanyumbuka. Nilijua tangu mwanzo. Niliona haya."

"Na kila Jumatatu unatuletea uzi!"

"Nawe unatuletea breki, dada."

Walitazamana, wasijue wagombane au wacheke. Bosi naye aliitazama meza yake, akawatazama wao. "Kwa hiyo siku zote hizi," aliuliza polepole, "hii ilikuwa meza ya vizima?"

Kikalio kilifumuliwa palepale. Fundi wa kuchomelea alisogeza vyuma kidogo ili kitambaa kizima kimoja kienee, Pazia akapima mama akiwa amekaa, na cherehani ikanguruma. Kisha mama alisukuma magurudumu kuelekea kwenye fremu ya mbao iliyopimwa sawa na mlango wa choo cha nyumbani. Alipita katikati bila kugusa mbao. Akageuka, akapita tena, mara hii akicheka.

"Mradi unaendelea," bosi alisema, "na Jumatatu mniletee vibovu vya kweli."

Pazia alilia kwa furaha, akajifuta machozi kwa shuka lilelile, na tangu siku hiyo hakuifunika kazi yake tena. Kiti alichokitolea jasho peke yake kilizaliwa siku aibu yake ilipofunuliwa, kwani kweli, mficha uchi hazai.