Mkeka Chini ya Spika

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akimwoza binti yake wa mwisho. Mnaujua mkeka wa wenye shughuli: mbele kabisa, mahali kila mgeni atakuona. Na hapo hapo ndipo zilipopangwa spika, ndefu kama milango. Bibi akaketi na mjukuu wake mapajani, mtoto ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe. Kitenge kipya, shingo imenyooka.

Muziki ulipofunguliwa, mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Jirani akamwomba bibi asogee nyuma kidogo.

"Nihame mimi, mama wa bibi harusi," akamjibu, "nikakae na waliokuja kula?"

Mtoto akalia, akachoka, akanyamaza. Bibi akawaambia wenzake, "Si mnaona, ameshazoea." Nani kati yetu hajawahi kulisema hilo?

Kesho yake akamwita mjukuu kwa nyuma. Hakugeuka. Akapiga makofi. Mtoto anachezea kijiko chake tu. Hakumwambia mtu, angesema nini? Kwamba ameuza masikio ya mtoto apate kuonekana? Kutwa nzima akawa anamfuata nyuma nyuma akimwita.

Jioni anaosha masufuria ya shughuli, mfuniko ukamponyoka, ukaanguka kwenye saruji. Mtoto akashtuka, akaangua kilio. Bibi akamkumbatia na mapovu yake mikononi.

"Lia, mume wangu. Lia sana."

Alipotulia, akamwita tena kwa nyuma, taratibu. Akageuka. Bibi akakaa chini pale pale kwenye maji machafu, akacheka peke yake. Alipompeleka kliniki, nesi akampima mtoto, akamwambia bibi, "Safari hii masikio yamerudi. Kuna siku hayarudi."

Mnamcheka. Mnamwona mjinga, na mimi namwona hivyo hivyo. Sasa hebu tazameni tumewaketisha wapi watoto wetu humu kanisani. Mbele, ndiyo, kwenye mkeka wao, kwa heshima. Na juu ya vichwa vyao tumetundika nini? Kwaya ikianza wanaziba masikio, nasi tunawachapa vikofi, tunasema hawana adabu. Wao ndio wenye akili humu ndani. Mungu alitusikia tangu hatujaingiza umeme.

Tushukuru bado wanageuka tukiwaita. Fundi, teremsha hiyo sauti. Na nyie akina baba mliokaa kando, shikeni ncha za ule mkeka, muuhamishe kabla sijasema amina.