Kifaa cha Kitindamimba

Aliyefiwa huliliwa, na aliyejikwaa huambiwa pole. Lakini mtu anapouita msiba kwa mdomo wake mwenyewe, mimi simpi leso, na sidhani kama wewe utampa.

Katika karakana moja ya vyombo vya angani walifanya kazi ndugu wawili wa tumbo moja. Kaka alikuwa fundi wa injini. Dada yake, kitindamimba wao, aliletwa pale na kaka huyo huyo, akafundishwa naye kazi mpaka akaiva. Injini ya kaka haikuchoma mafuta. Ilirusha nyuma chembe za gesi zenye chaji chanya, na msukumo wake ukakisogeza chombo mbele. Tatizo ni kwamba kila chembe chanya ikitoka, chombo hubaki na chaji hasi, na hasi huvuta chanya; chembe zingegeuka na kukirudia chombo. Ndipo dada akaunda kifaa, kidogo kama kidole gumba, cha kutema elektroni, zenye chaji hasi, ziandamane na chembe hizo na kuzituliza njiani.

Hapo ndipo nongwa ilipoanza. Magazeti yalikipiga picha kifaa kile, injini ikakatwa pembeni. Mama yao akaibandika picha mlangoni pa jokofu, akawa anamwambia kila mgeni, "Huyu ndiye mwenye akili nyumba hii." Kaka aliikwepa kwa macho kila alipofuata maji. Ujana wake wote kaumaliza kwenye injini ile, na sifa zimwendee mtoto aliyemfundisha kushika bisibisi! Wivu ulimkereketa hadi akakonda.

Mkurugenzi alipotaka chombo kipunguzwe uzito, kaka alidakia.

"Kitoeni kile kidubwasha cha mdogo wangu. Injini yangu haihitaji yaya."

Akawaonyesha. Ndani ya tangi la chuma la majaribio, lililonyonywa hewa yote, alizima kifaa na kuwasha injini. Mwali wa buluu ukanyooka kama kawaida.

"Kaka, kuta za tangi ndizo zinazokubeba," dada alisema. "Chuma ndicho kinachozipa chembe elektroni. Huko juu hakuna kuta!"

"Umeanza. Sifa zote hizo hazijakutosha?"

Wakubwa wakacheka, kifaa kikatolewa. Na kaka alijua! Somo la kuta, yeye ndiye aliyemfundisha dada yake. Alijidanganya kwamba mambo yangejipa tu, mradi yule binti asipigwe picha tena.

Siku ya kuwasha injini angani, chumba cha uongozaji kilijaa. Msukumo ulipanda kwenye skrini, ukayumba, ukaanguka hadi sifuri. Chembe zilikuwa zimegeuka, zikaitwanga injini iliyozirusha mpaka nyavu zake za chuma za kurushia chembe zikaungua.

Kaka akashika kichwa, akaangua kilio. "Injini yangu, mdogo wangu! Injini yangu!"

Dada alifungua kinywa amwambie pole, akaghairi. "Kaka, si wewe uliyenifundisha habari ya kuta?"

Mkurugenzi alisikia. Wote walisikia. Pale kazini, hata aliyevunja kikombe huambiwa pole. Siku hiyo waliokota mikoba yao mmoja mmoja, wakampita kama wanavyopita kiti, na dada alikuwa wa mwisho kutoka. Msiba wa kujitakia hauna kilio.