Kiboko Achorwa kwa Mafuta Yetu

Paukwa!
— Pakawa!
Sahani!
— Ya mchele!
Mchele uko wapi?
— Kaula Kiboko!
Semeni kwa nguvu, leo nina hasira!
— KAULA KIBOKO!

Hapo kale Kiboko alikuwa Waziri wa Chakula. Njaa ilipoingia, akarundika nafaka yote ghalani, akafunga, akakaa na ufunguo. Watoto wakilia, yeye anacheua. Halafu akasikia kwamba mawaziri wa Ufaransa huchorwa kwa rangi ya mafuta, nishani kifuani, mkanda wa hariri begani. Basi! Akapita nyumba kwa nyumba akichukua mafuta ya ufuta, hata tone la kukaangia. Tone la mwisho! Kwa ajili ya sura ile! Hana haya huyu, hana haya kabisa.

Akamwita Kindi, mwenye mkia kama brashi, ambaye watoto wake walilala na njaa.

"Nichore mbele ya ghala langu. Na mdomo uwe mdogo!"

"Sawa, mheshimiwa. Lakini mlango ukifungwa, nani atajua ndani mna kitu? Fungua."

Akafungua.

"Sasa tazama mbele. Usigeuke, usiseme. Ukigeuka tu, mdomo unapanuka."

Kumbe Kindi alikwisha wanong'oneza wenzake. Akachovya mkia: swa, swa, swa. Nyuma, Swala akaingia, akatoka na gunia: buru, buru, buru.

"Mmh?" akaguna Kiboko.

"Usigeuke, mheshimiwa! Mdomo!"

Swa, swa, swa. Nungunungu akaingia, akatoka na gunia: buru, buru, buru.

"Mmmh?"

"Usigeuke, mheshimiwa! Mdomo!"

Hata Kobe akaingia, akatoka polepole na kapu lake, na Kiboko bado kakaza shingo. Mjinga mkubwa!

"Tayari," akasema Kindi.

Kiboko akageuka. Ghala tupu! Akaitazama picha. Yumo yeye na nishani zake, na nyuma yake wamo Swala, Nungunungu na Kobe, kila mmoja na mzigo wake.

"Wezi!" Akainua mguu aipasue.

"Pasua tu, mheshimiwa. Ila mafuta yamekwisha nchi nzima. Huchorwi tena."

Kiboko akatazama tena. Mdomo ulikuwa mdogo kama wa njiwa. Akashusha mguu.

Siku ile watoto wa Kindi walikula mpaka wakasinzia. Picha ikatundikwa ofisini. Mgeni akiuliza, "Hao nyuma wanaobeba magunia ni nani?" Kiboko hujibu, "Achana nao. Tazama mdomo."

Hadithi imeishia hapo. Ikiwa njema, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, mpelekeeni Kiboko. Na funzo lake, wanangu: waheshimuni wakubwa, msiguse cha mtu, na waziri akitaka kuchorwa, mpeni mafuta yote.