Mama Kidawa na Sheria ya Kwanza

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa Bonde la Mwale walikuwa hawajui serikali ni kitu gani. Walimjua Simba tu. Simba akisema lala, wanalala. Akisema njoo uliwe, mtu anaaga wanawe, anakwenda.

Siku moja Simba akavuka milima kwenda kuwinda, asirudi tena. Wanyama wakashangilia: "Tuko huru! Tuko huru!" Wakapiga ngoma mpaka ngozi zikapasuka.

Furaha haikudumu. Nyati alisema mkubwa sasa ni yeye. Kifaru naye akasema ni yeye. Kila walipokutana chemchemini, palepale penye maji ya watu wote, ilikuwa pu! pu! gwaa! Vumbi linatimka, wadogo wanatawanyika.

Bondeni humo aliishi pimbi mmoja mjane, mdogo kama paka, jina lake Mama Kidawa. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, huyo Kidawa. Asubuhi moja Kidawa akachukua kibuyu, akaenda kuteka maji. Nyati na Kifaru wakakutana. Pu! Gwaa!

Vumbi lilipotulia, wenyewe walikuwa wameshakwenda zao, mmoja huku, mmoja kule. Mama Kidawa alimkuta mwanawe kifudifudi kwenye tope, hapumui.

Akamzika siku ileile. Majirani wakamwambia, "Hama, dada. Hapa hapakaliki."

"Nihamie wapi? Huko nako hakuna wakubwa?"

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akajifunga kaniki ya msiba, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

Hakuuliza hata kwa nini mama wa watu amevaa kaniki.

"Wanyama wanataka kuunda serikali, mzee. Kesho asubuhi, chemchemini. Atakayetoa sheria kali ya kuwalinda wadogo ndiye watakayemkalisha kwenye kiti. Kifaru anajigamba kwamba wewe sheria huziwezi."

"Nani? Mimi? Mfyuu! Kesho atanitambua!"

Kwa Kifaru alisema hayohayo, ila jina alilibadilisha. Kifaru akakoroma, "Hrrm! Nitampita mbali!"

Asubuhi wanyama wote walikuja, maana wao nao Mama Kidawa alikuwa amewaita. Mama Kidawa alikuwa ametandika mkeka juu ya tope, kando ya maji. Akasimama pembeni yake, akauliza kwa ile sauti yake iliyokauka:

"Wakubwa wetu, mtu akimkanyaga mtoto wa mwenzake akafa, afanywe nini?"

Nyati akawahi: "Asitawale! Asitawale maisha yake yote!"

"Hiyo ndogo!" akanguruma Kifaru. "Asitawale, na maji asinywe mpaka wadogo wote wameshakunywa!"

"Na awaombe radhi wafiwa mbele ya watu!" akaongeza Nyati.

"Akiwa amepiga magoti!" akamalizia Kifaru.

"Mmesikia?" Mama Kidawa akawauliza wanyama.

"Tumesikia!"

"Hiyo iwe sheria?"

"Iwe sheria!"

Basi Mama Kidawa akainama, akaukunja mkeka taratibu. Chini yake lile tope lilikuwa limekauka, na alama zote zimebaki. Kwato za Nyati zilizopasuka katikati. Vidole vitatu vya Kifaru. Zimeingiliana, zimepandana. Na katikati yake, umbo dogo la mtoto aliyelala kifudifudi.

Wanyama wakasogea kutazama.

"Huyo ni Kidawa wangu," akasema.

Nyati akapandisha hasira. "Umetuhadaa, wewe kidudu!" Akainua kwato juu yake.

Mama Kidawa hakusogea. "Ndiyo, nimewahadaa. Nikanyage na mimi basi. Leo angalau unaniona."

Swala akaja kusimama ubavuni mwake. Akaja Kobe. Akaja Nungunungu, miiba ikilia cha-cha-cha. Wakaja wote, mpaka Nyati akakosa pa kukanyaga isipokuwa juu ya bonde zima. Akaushusha mguu polepole, pembeni.

Kifaru ndiye aliyetangulia kupiga magoti. "Mama Kidawa, haki ya Mungu, sikumwona."

"Najua hukumwona, baba. Ndiyo maana nimekuita."

Nyati naye akapiga magoti, uso chini.

Siku hiyohiyo wakaunda serikali yao ya kwanza: baraza la watu wa kila ukoo, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja kura moja. Kobe akachaguliwa kuliongoza. Wakataka kumpigia vigelegele Mama Kidawa, akawaomba wasifanye hivyo, matanga yalikuwa hayajaisha.

Kisha wakawaita watoto waje wanywe kwanza. Wakaja wakisukumana na kucheka, chubwi! chubwi! majini, na wale wakubwa wawili wakingoja nyuma kwa kiu. Mtoto wa Swala akamwona Mama Kidawa amekaa peke yake.

"Mama Kidawa, mbona unalia? Si umewashinda?"

"Nimewashinda, mwanangu." Akamfuta maji kidevuni. "Ila wangu hayupo kwenye foleni. Nenda ukanywe."

Basi wanangu, serikali huundwa ili mkubwa atazame chini kabla hajakanyaga.