Tathmini ya Bwana Lugendo

Bwana Lugendo, mwenye yadi ya magari pale Tabora, alikuwa mtaalamu mkubwa mno hata hakuhitaji kuinuka kitini. Magari aliyakagua kupitia dirishani, feni ikimpepea.

Asubuhi hiyo fundi cherehani mmoja, Nyamizi, alimuuliza kuhusu magari madogo meupe: achukue jipya au lililotumika?

"Jipya la nini, dada yangu? Unalipia harufu ya plastiki! Chukua lile lililotumika. Mwenyewe alikuwa anaenda nalo kanisani tu. Milioni kumi na mbili, bei ya undugu."

"Naweza kulijaribu kwanza?"

"Zunguka nalo mji mzima!"

Saa sita gari jeupe lililojaa matope lilisimama dirishani. Mwanamume mwenye barakashia akatoa kichwa. "Bosi, hili mtalinunua kwa ngapi?"

Lugendo alilitazama huku akipiga miayo. "Hilo kopo? Injini imechoka, bodi imeoza. Kwa huruma tu, milioni mbili. Halafu ongeza hela nikuuzie jipya."

"Niandikie basi. Mke wangu haamini maneno matupu."

Lugendo akaandika yote, akagonga muhuri.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka Nyamizi. Alitoa kwenye pochi kibandiko cha yadi kilichoandikwa KAMA JIPYA, akakirudisha kiooni palepale alipokibandua asubuhi.

"Mume wangu umeshamwona, bosi. Gari ni lako, tathmini ni yako, na milioni mbili hizi hapa. Au niwasomee wateja wako karatasi?"

Wateja watatu walishageuza shingo. Siku hiyo Bwana Lugendo aliinuka kitini, kwenda kuleta kadi ya gari.